D.O. MISIANI NA GITAA LA SHIRATI

Wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu walitarajia nimwandike Bob Marley, maana fulana zake zimejaa kila mashua kutoka Mbita hadi Sena. Sina ugomvi na Marley. Lakini Jamaica ni mbali, na Shirati iko papo hapo kusini, ziwa hilihili.

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka wa 1940 kijijini Nyamagongo, Shirati, Tanganyika. Wazazi wake, watu wa dini, hawakutaka ashike gitaa. Kijana hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Miaka ya sitini alivuka mpaka akaja Kenya, na mwaka wa 1965 akaunda bendi ya Victoria Boys. Jina lilibadilishwa mara kadhaa hadi likawa Shirati Jazz.

Ukitaka kuelewa benga, anza na nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, ambayo mpigaji huigonga pia kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Misiani na wenzake waliuhamishia mdundo huo kwenye gitaa la umeme. Gitaa linajibizana na mwimbaji, na besi nayo inarukaruka kama ngege kwenye wavu. Uimbaji ukinyamaza, magitaa yanashika kasi. Hapo hata mwalimu wa zamu atatikisa kichwa, abishe asibishe!

Kilichomletea taabu ni maneno. Aliwasema wakubwa kwa mafumbo, mara nyingine kwa visa vya wanyama, kama katika Bim en Bim, yaani nyani ni nyani. Serikali ya Kenya ilimtia ndani, ya Tanzania vilevile. Mimi naona hatari yake ilikuwa maradufu, kwani Mkenya akifunguliwa hurudi kwao, lakini huyu wa ng'ambo angeweza kufukuzwa siku yoyote. Na bado aliimba.

Mwaka wa 1989 kampuni ya Earthworks ya London ilitoa albamu ya Benga Blast! Wazungu wakacheza bila kuelewa fumbo hata moja. Nawahurumia, walipata nusu ya mzee.

Alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, akiwa na miaka 66. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, lakini nyimbo zake tunazijua.