Maisha ya Honoré Daumier, Mchoraji

Mtu apitaye Mnazi Mmoja, katika wilaya ya Ilala, huona mnara mweupe wenye mfano wa Mwenge wa Uhuru kileleni. Uhuru hauna mwili wala sura, lakini mwenge ule huwakumbusha watu habari zake. Huko Ufaransa, zamani, mambo yasiyo na mwili yalichorwa kwa mfano wa mwanamke. Mmoja wa waliochora hivyo ni Honoré Daumier.

Daumier alizaliwa Marseille mwaka 1808, mwana wa fundi wa vioo. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipokuwa kijana mjini Paris alifanya kazi ya kutumwatumwa. Kisha akajifunza kuchapa picha kwa jiwe. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa chaki yenye mafuta. Jiwe hulowanishwa maji, na wino hushika penye mafuta tu. Ndipo karatasi hugandamizwa juu yake. Hivyo picha moja iliwafikia watu wengi.

Mwaka 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kuwa jitu lenye tumbo kubwa, limezalo mali za maskini. Kwa ajili hiyo, mwaka 1832, akatiwa gerezani kwa kifungo cha miezi sita.

Mfalme alipoondolewa mwaka 1848, Daumier aliichora kwa rangi Jamhuri, yaani nchi isiyo na mfalme, kuwa mama mwenye nguvu: watoto wawili wanyonya, wa tatu asoma miguuni pake. Hata mwaka 1851 akamchora laghai mmoja, mfano wa wafuasi wa Rais Louis-Napoléon, akimpa mama yule mkono waende pamoja, naye akikataa. Lilikuwa onyo. Mwezi Desemba wa mwaka ule ule Rais akaipindua Jamhuri.

Baadaye vikaja vita vya Ufaransa na Prussia. Daumier akauchora mwaka 1871 kuwa mwanamke aliyejifunika uso, amesimama kati ya maiti. Hakutaja jina la mtu. Lakini kila aliyefiwa aliuona msiba wake mwenyewe.

Picha zake za jiwe zapata 4,000. Uzeeni macho yake yalififia, na rafiki yake, mchoraji Camille Corot, akamsaidia kupata nyumba huko Valmondois. Akafa humo mwaka 1879, hali ni maskini. Wakubwa walioiogopa chaki yake wamekwisha ondoka. Bali yule mama wa Jamhuri yumo hata leo katika jumba la makumbusho la Orsay, mjini Paris, na mtoto wa tatu angali akisoma.