Aristotle: Alifundisha maana ya furaha, akafia mbali na shule yake

Mwaka 323 KK (Kabla ya Kristo), habari ilifika Athens, Ugiriki, kwamba Alexander Mkuu amefariki dunia huko Babeli akiwa na miaka 32 tu.

Mji ulilipuka. Watu wa Athens walikuwa wamechoka kukaa chini ya Masedonia, na kila aliyejulikana kuwa karibu na wafalme wa huko akaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Mmoja wao alikuwa mzee wa miaka kama 61, mwenye shule nje ya ukuta wa mji. Jina lake Aristotle, na ndiye aliyemfundisha Alexander utotoni.

Haikuchukua muda akashtakiwa kwa kuidharau miungu. Ushahidi wenyewe unashangaza: wimbo alioutunga miaka mingi nyuma kusifu fadhila, yaani wema wa tabia, kwa kumkumbuka rafiki yake aliyeuawa. Washtaki walidai amemwimbia binadamu kama anavyoimbiwa mungu.

Kwa hiyo mtu aliyetumia maisha yake kufundisha wema sasa alikuwa hatarini kwa sababu ya kuusifu.

Mtoto wa daktari

Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK katika mji mdogo wa Stagira, kaskazini mwa Ugiriki. Baba yake, Nicomachus, alikuwa daktari wa mfalme wa Masedonia. Alifariki mapema, na kijana akalelewa na mlezi.

Akiwa na miaka 17 alikwenda Athens na kujiunga na Akademia, shule ya Plato. Alikaa hapo miaka 20, kwanza mwanafunzi, baadaye mwalimu, mpaka Plato alipofariki mwaka 347 KK.

Lakini Athens hakuwa raia. Alikuwa mgeni mkazi: hana haki ya kupiga kura wala kumiliki ardhi. Hilo lilimfuata mpaka mwisho.

Rafiki aliyemgharimu

Kutoka Athens alivuka bahari hadi Assos, eneo ambalo leo liko Uturuki. Mtawala wa huko, Hermias, alimpokea vizuri. Inasimuliwa kuwa Hermias mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kupata madaraka.

Aristotle akaoa huko huko. Mke wake, Pythias, alitoka katika familia ya Hermias. Baadaye walihamia kisiwa cha Lesbos, ambako aliendelea na utafiti wake wa samaki na viumbe wengine wa baharini.

Karibu mwaka 343 KK, mfalme Philip wa Masedonia alimwita amfundishe mwanawe Alexander, aliyekuwa na miaka 13. Akiwa katika kazi hiyo ndipo habari mbaya ikafika: Waajemi wamemkamata Hermias kwa hila na kumuua.

Hapo ndipo alipotunga ule wimbo.

Furaha sio kujisikia vizuri

Mwaka 335 KK alirudi Athens na kufungua shule yake, Lyceum. Mafundisho yake ya maadili yametufikia katika kazi inayoitwa Maadili ya Nicomachus, yenye vitabu 10. Nicomachus lilikuwa jina la baba yake, na pia la mwanawe.

Swali lake ni rahisi kulisema: mtu aishi vipi ili iweze kusemwa kwamba ameishi vizuri?

Wagiriki waliita maisha ya namna hiyo eudaimonia. Wengi huitafsiri furaha, lakini sio ile ya kupata mshahara au kucheka na marafiki jioni. Ni heri ya maisha mazima. Ndiyo maana Aristotle alikataa kuipima kwa siku moja nzuri.

Pesa, alisema, ni chombo cha kupatia kitu kingine. Sifa nazo ziko mikononi mwa wanaokusifu. Wakibadilika, huna kitu. Heri inapatikana kwa kutenda: kuishi kwa kutumia akili na tabia njema, mwaka hadi mwaka.

Na tabia njema mtu hazaliwi nayo. Huipata kama fundi anavyopata ufundi, yaani kwa kufanya. Anayerudisha chenji iliyozidi leo, kesho na keshokutwa, mwishowe inakuwa tabia yake. Anayedanganya kidogo kidogo naye anajifunza, ila anajifunza uongo.

Mara nyingi wema hukaa katikati ya makosa mawili. Ushujaa uko kati ya woga na kujitupa hatarini bila kufikiri. Ukarimu uko kati ya ubahili na ufujaji.

Nani alaumiwe?

Hapa ndipo Aristotle anapombana msomaji.

Kama upepo umekusukuma, au watu wamekubeba kwa nguvu, hulaumiwi. Kama hukujua jambo fulani, na kutojua huko hakukutokana na uzembe wako, unaweza kusamehewa.

Lakini vipi nahodha anayetupa mizigo baharini wakati wa dhoruba ili kuokoa watu? Hakupenda, ila aliamua. Kwa Aristotle, kitendo kile ni chake, na mwenye akili angefanya vivyo hivyo.

Mlevi je? Hapo hakuna huruma. Pittacus, mtawala wa zamani huko Lesbos, aliweka sheria kuwa anayekosa akiwa amelewa aadhibiwe zaidi ya aliyekosa akiwa mzima. Aristotle aliona mantiki yake: hukujua ulichofanya, sawa, lakini nani alikulazimisha kunywa?

Basi vipi anayesema ndivyo alivyo, hawezi kubadilika? Aristotle alimlinganisha na aliyerusha jiwe. Likishatoka mkononi huwezi kulirudisha, lakini kulirusha au kutolirusha kulikuwa juu yako.

Bahati nayo ina nafasi yake

Hata hivyo hakuwa mtu wa kusema mwenye wema hadhuriki na chochote. Alikiri wazi kuwa msiba mkubwa unaweza kumnyang'anya mtu mwema heri yake. Kinachobaki ni namna anavyoubeba.

Misiba aliijua. Baada ya Hermias, alimpoteza mkewe Pythias. Mwaka 327 KK ndugu yake Callisthenes, aliyefuatana na Alexander vitani kama mwandishi wa historia, alituhumiwa kushiriki njama dhidi ya mfalme na akafia mikononi mwa utawala huo. Mwanafunzi wake wa zamani ndiye aliyetoa amri.

Kisha ikaja kesi ya Athens. Mwaka 399 KK mji huo huo ulikuwa umemhukumu Socrates kifo, na Socrates alibaki akanywa sumu. Aristotle hakusubiri. Aliiacha shule yake na kwenda Chalcis, kwenye mali ya upande wa mama yake. Mwaka uliofuata, 322 KK, alifariki kwa maradhi akiwa na miaka 62.

Doa lake

Lipo jambo ambalo wasomaji wake hawawezi kuliruka. Katika kitabu chake cha siasa, Aristotle alitetea utumwa, akidai kuwa wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Wanawake nao aliwaweka chini ya wanaume.

Haya aliyaandika mtu ambaye rafiki yake mpendwa, kama simulizi ni kweli, alitoka utumwani. Na mtu ambaye mwenyewe alifundisha kwamba kutojua hakumwokoi aliyekuwa na uwezo wa kujua.

Wosia

Karne nyingi baadaye kazi zake zilitafsiriwa kwa Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wakamwita Mwalimu wa Kwanza. Hata neno falsafa tunalotumia kwenye Kiswahili lilitoka kwa Wagiriki na kutufikia kupitia Kiarabu.

Wosia wake pia umehifadhiwa. Aliagiza Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye baada ya kufiwa, atunzwe vizuri na apewe nyumba, kwa sababu alimtendea wema. Aliagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru, na vijana waliomhudumia wasiuzwe bali waachwe huru wakifikia umri, kama watastahili.

Na aliomba mifupa ya Pythias izikwe pamoja naye popote atakapolazwa, kama mke wake mwenyewe alivyotaka.