William Miller: Mkulima Aliyeanza Upya na Mwanzo 1:1

Soma: Matendo 17:10, 11, Danieli 8:14, Waebrania 9:23, 24.

Wengi wetu tukisikia jina la William Miller tunakumbuka tarehe moja tu, Oktoba 22, 1844. Juma hili tuanzie mbali zaidi. Mtu huyu alibadili imani yake mara mbili, na namna alivyoibadili mara ya pili haifanani kabisa na ile ya kwanza.

Miller alizaliwa Februari 15, 1782, huko Pittsfield, Massachusetts, nchini Marekani, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 16. Alipokuwa na umri wa miaka minne wazazi wake walihamia Low Hampton, New York. Mama yake, Paulina, alikuwa binti wa mhubiri wa Kibaptisti, na wahubiri waliopita eneo lile walikaribishwa nyumbani kwao. Vitabu vilikuwa haba. Usiku wenzake walipolala, kijana alijilaza mbele ya meko akisoma kwa mwanga wa vipande vya msonobari. Kumjua Mungu alifundishwa tangu utotoni, lakini imani ile ilikuwa bado ya mama na ya babu.

Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney, Vermont, mji wenye maktaba. Huko alipata marafiki waungwana, wasomaji, raia wema, ambao walikuwa Wadeisti. Hao waliamini kwamba Mungu yupo na ndiye aliyeumba vyote, ila hajishughulishi tena na wanadamu wala hakusema nao katika Biblia. Walimwazima vitabu vya Voltaire, Hume na Paine. Miller alikuwa na maswali ya kweli kuhusu sehemu za Maandiko zilizoonekana kupingana, na wahubiri aliowauliza hawakuweza kumjibu. Basi akaiacha Biblia. Akafika hata kuwaigiza babu yake na mjomba wake, wote wahubiri, sauti zao na jinsi walivyorusha mikono mimbarani, ili marafiki wacheke.

Tuangalie vizuri kilichotokea hapo. Miller aliona kwamba amejikomboa na mambo ya kurithi. Lakini je, alipima? Aliwaamini watu aliowaheshimu, kama alivyomwamini babu yake zamani. Kijana wa leo anayerudi kutoka chuoni akiidharau imani ya wazazi wake, huenda naye amehama tu kutoka meza moja kwenda nyingine. Na mzee anayemkemea, je, yeye alishawahi kuipima imani anayoitetea?

Vita vya mwaka 1812 vilimtikisa. Baba yake alifariki mwaka uleule, na Miller, akiwa nahodha jeshini, aliona vifo vingi. Imani ya marafiki zake haikuwa na neno la kumwambia mtu aliyesimama kando ya kaburi. Septemba 11, 1814, huko Plattsburgh, kombora lililipuka hatua chache kutoka alipokuwa, likaua na kujeruhi watu waliokuwa karibu naye, yeye asipate hata mchubuko. Jeshi la Waingereza lilikuwa kubwa kuliko lao, hata hivyo Wamarekani walishinda. Akaanza kujiuliza kama kweli Mungu yuko mbali kiasi kile.

Alirudi Low Hampton kulima na kumtunza mama yake. Kanisani mjomba wake asipokuwepo, mashemasi walisoma hubiri kutoka kitabuni, na Miller alilalamika kwamba walisoma vibaya. Mama, kwa hekima ambayo wanawake wengi wa kanisa wanayo, alifanya mpango asome mwanawe. Katika Septemba 1816, akiwa anasoma mbele ya watu, moyo ulimjaa hata akashindwa kuendelea, akaketi. Alimwona Mwokozi aliyemhitaji.

Marafiki zake hawakumwacha. Walimuuliza anajuaje kwamba Mwokozi huyo yupo, na kama anajua kwa Biblia, basi anajuaje kwamba Biblia ni kweli? Maswali haya aliyafahamu vizuri, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwatupia wengine. Safari hii hakukimbilia kwa mjomba. Aliomba apewe muda: kama Biblia haitapatana yenyewe kwa yenyewe, atabaki Mdeisti.

Aliweka kando vitabu vya ufafanuzi. Mezani alibaki na Biblia na itifaki ya Cruden, yaani kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia linapatikana wapi. Alianza na Mwanzo 1:1, akaenda aya kwa aya, bila kuruka. Akikuta jambo lisiloeleweka, alitafuta kila mahali neno lile lilipotumika, akayalinganisha mafungu yote, ndipo asonge mbele. Mchana alilima, na mara nyingine alisoma usiku kucha. Kazi ile ilimchukua miaka miwili. Kufikia mwaka 1818 alikuwa ameridhika kwamba Biblia hujifafanua yenyewe, na kwamba siku 2,300 za Danieli 8:14, akizihesabu kama miaka kuanzia mwaka 457 KK, zingeishia karibu mwaka 1843. Aliamini kwamba Kristo angerudi wakati huo.

Mtu mwingine angetoka mbio kutangaza. Miller alikaa miaka mingine kadhaa akikusanya kila pingamizi aliloweza kulifikiria dhidi ya hitimisho lake mwenyewe. Hakuanza kuhubiri hadi Agosti 1831, akiwa karibu na umri wa miaka 50, na hapo ni kwa sababu aliitwa.

Sasa tufike kwenye neno moja: patakatifu. Mwaka 1842 Miller aliandika barua kwa Joshua Himes akiorodhesha vitu saba ambavyo Biblia huviita patakatifu. Kristo yumo, hekalu la Yerusalemu limo, dunia imo, watakatifu wamo. Mbingu nayo imo katika orodha ile! Lakini aliiondoa, kwa kuwa mbingu si najisi, basi itakaswe nini? Akabaki na dunia na kanisa, kama ilivyodhaniwa na wengi wa wakati wake. Waebrania 9:23 inayo habari juu ya mambo ya mbinguni kusafishwa kwa dhabihu zilizo bora. Itifaki ilikuwa mezani. Mtu aliyepima karibu kila kitu alilipita jambo hili, pengine kwa sababu hakuna aliyelipinga. Hata waliomcheka walibishana naye kuhusu hesabu ya miaka na tukio lenyewe, ila maana ya patakatifu waliiacha.

Darasani jadilini: ni jambo gani tunaloliamini ambalo hakuna mtu yeyote kati yetu aliyewahi kuliuliza swali?

Siku ya Oktoba 22, 1844 ambayo Miller mwenyewe aliikubali wiki chache tu kabla, ilipita. Januari iliyofuata kanisa lake la Kibaptisti lilimtenga. Mwaka 1845 alichapisha maelezo ya maisha na mafundisho yake, akakiri waziwazi kwamba alikosea kuhusu wakati, bila kuwalaumu wengine na bila kulikana tumaini la kurudi kwa Kristo. Wakati huohuo Hiram Edson, Owen Crosier na daktari Franklin Hahn walikuwa wakifanya kazi ileile aliyoifanya yeye mwaka 1816, wakilinganisha fungu na fungu, safari hii katika Walawi na Waebrania. Matokeo yalichapishwa Februari 1846: patakatifu pa Danieli 8:14 pako mbinguni.

Miller hakuyapokea maelezo hayo. Alikuwa mgonjwa, na macho yaliyosoma kwa mwanga wa msonobari yalikuwa yanafifia. Alifariki Desemba 20, 1849, akiwa bado anamngoja Bwana.