Bowles: Aliyekosa ukasisi akawa mfalme wa krokasi

KUVUNJIKA kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hayo yanaafiki maisha ya Edward Augustus Bowles, Mwingereza aliyenuia kuwa kasisi lakini akaishia kuwa bingwa wa krokasi, jamii ya maua inayotupa zafarani ya biriani.

Bowles alizaliwa Mei 14, 1865 katika jumba la Myddelton House, Enfield, kaskazini mwa London. Utotoni, maradhi yalimwacha na jicho moja lisiloona vyema. Hata hivyo, alijitahidi masomoni na kusomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mnamo 1887, kifua kikuu kiliwaua kaka yake na dada yake katika muda wa miezi michache. Ili asiwaache wazazi wake na majonzi peke yao, Bowles alirejea nyumbani na kuiweka kando azma ya ukasisi. Hakuwahi kuoa. Nguvu zake alizielekeza bustanini, huku akiwafunza vijana wa kijijini nyakati za jioni.

Alivutiwa mno na tofauti za rangi. Katika milima ya Alps, alikozuru mara nyingi, krokasi za mwituni huchanua pindi theluji inapoyeyuka. Konde moja huwa na maua meupe, ya zambarau na yenye mistari, ilhali yote ni ya spishi moja.

Siri imo katika mbegu. Kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya wa urithi, jinsi ndugu wa tumbo moja wasivyofanana. Kitunguu cha mmea, kwa upande wake, huzaa nakala ya mmea ule ule.

Ndiposa Bowles akapanda mbegu mwaka baada ya mwaka, akisubiri takriban miaka mitatu au minne kuona ua la kwanza. Yaliyotofautiana na wenzao aliyatunza na kuyapa majina ya ndege. Mojawapo, Snow Bunting, lingali linapandwa hadi leo.

Zafarani ni kinyume. Haizai mbegu, hivyo hupandwa kwa vitunguu na haibadiliki sana. Tafiti za 2019 zilibainisha kuwa chimbuko lake ni krokasi ya mwituni ya Ugiriki, ambayo maua yake huwa meupe hadi zambarau.

Mnamo 1916, Bowles alituzwa nishani ya Victoria ya chama cha kifalme cha kilimo cha bustani. Kitabu chake kuhusu krokasi kilitoka 1924, kikiwa na michoro ya mkono wake, na toleo lililorekebishwa likachapishwa 1952, umri wake ukiwa umepita miaka 85.

Alifariki Mei 7, 1954, wiki moja tu kabla ya kutimiza miaka 89, katika jumba lile lile alimozaliwa. Bustani yake ingalipo, na umma huruhusiwa kuizuru.