Mwalimu Black: Aliyeyapa meno majina ndipo akayatibu

Wahenga walituachia usemi kwamba dawa ya jino bovu ni kuling'oa. Siku hizi usemi huo hutumiwa zaidi kuhusu watu na mambo kuliko kuhusu meno yenyewe, lakini hapana shaka ulizaliwa na hali halisi ya maisha. Kwa karne nyingi, na wala si katika nchi zetu pekee, mwenye kuumwa na jino hakuwa na tumaini ila koleo. Huko Ulaya na Marekani kazi hiyo ilifanywa na vinyozi, wahunzi na wachuuzi wa sokoni. Kwamba leo mwanafunzi anaweza kuketi darasani akafundishwa jinsi ya kuliokoa jino badala ya kulitupa ni tunda la jasho la watu wengi. Mmoja wao ni Greene Vardiman Black, Mmarekani aliyefariki mwaka 1915. Namzungumzia nikiwa mwanaisimu, si tabibu, na sababu yangu itadhihirika baadaye.

Black alizaliwa tarehe 3 Agosti 1836 karibu na mji mdogo wa Winchester katika jimbo la Illinois, akalelewa shambani. Elimu rasmi aliyoipata utotoni ni haba mno. Muda aliokaa darasani unahesabiwa kwa miezi wala si kwa miaka. Alipotimu umri wa miaka 17 alikwenda kukaa na kakaye, Thomas, aliyekuwa daktari, akaanza kusoma vitabu vya tiba na kumsaidia kazini. Kisha akafanya uanagenzi wa miezi michache tu kwa tabibu mmoja wa meno, na mwaka 1857 akafungua chumba chake cha matibabu pale Winchester. Alikuwa kijana wa miaka 21, hana cheti wala shahada.

Msomaji asistaajabu. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno nchini humo kilikuwa kimefunguliwa Baltimore mwaka 1840, lakini matabibu walio wengi hawakukanyaga chuo chochote. Ufundi ulirithishwa kutoka mkono hadi mkono, na aghalabu kila fundi aliificha siri yake ili jirani asimnyang'anye wateja. Hakukuwa na mtihani. Isitoshe, hakukuwa na lugha moja ambayo kwayo fundi wa mji huu angeweza kumweleza wa mji ule alichokiona katika kinywa cha mgonjwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, Black alijiunga na jeshi la Muungano, akaumia goti na kulazwa hospitalini kwa muda mrefu. Katika miaka hiyo hiyo alifiwa na mkewe wa kwanza. Mwaka 1864 alihamia mji wa Jacksonville, papo hapo Illinois, na huko ndiko alikojisomesha upya. Mchana alitibu; usiku alisoma kemia, alichungulia katika hadubini, na kuunda vyombo vyake kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubuni keekee ya kutobolea meno iliyoendeshwa kwa mguu, mithili ya cherehani.

Mwaka 1870 alianza kufundisha katika chuo cha meno cha mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Baadaye alifundisha Chicago, kisha Iowa, na mwaka 1891 akajiunga na Chuo Kikuu cha Northwestern, ambako alikuwa mkuu wa kitivo cha meno tangu 1897 hadi kufa kwake. Illinois ilipopitisha sheria ya kudhibiti kazi ya udaktari wa meno mwaka 1881, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya watahini. Hebu tafakari: mtu aliyeanza kazi bila kutahiniwa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwatahini wenzake. Shahada alizokuwa nazo zilikuwa za heshima, nazo zilimfuata baada ya kazi, hazikumtangulia.

Ili tuelewe uzito wa mtu huyu, tuchukue mfano wa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na unga wa fedha, bati na shaba ambao hutumika kuzibia meno. Kitu hiki kililetwa New York kutoka Ulaya mwaka 1833 na wafanyabiashara walaghai waliokitangaza kwa makeke. Ugomvi ukazuka. Katika miaka ya 1840 chama cha matabibu wa meno kilifikia hatua ya kuwalazimisha wanachama waape kwamba hawatakitumia, na chama chenyewe kikasambaratika mwaka 1856. Wengine walisema amalgamu ni sumu, wengine wakasema ni mkombozi wa maskini asiyemudu dhahabu. Kila upande ulikuwa na hoja kali, lakini hakuna aliyekuwa na vipimo. Wakati mwingine amalgamu ilijikunja ikaacha ufa wa kupitishia uozo. Wakati mwingine ilivimba ikachomoza nje ya jino.

Black hakuingia katika ugomvi huo kwa maneno. Aliunda mizani na vyombo vya kupimia mabadiliko madogo kabisa, akachanganya madini kwa viwango mbalimbali, akapima kila mchanganyiko ulivyojikunja, ulivyovimba na ulivyohimili uzito. Akagundua kwamba hata umri wa unga wenyewe baada ya kusagwa huathiri tabia yake, jambo ambalo lilikuwa likiwachanganya watafiti waliomtangulia. Matokeo aliyachapisha waziwazi mwaka 1895 na 1896, kila mtu ayasome na kuyajaribu. Kanuni zake ndizo zilizoongoza utengenezaji wa amalgamu kwa miongo mingi iliyofuata.

Sasa nije kwenye jambo lililonivuta mimi, mtu wa lugha. Jaribu kumweleza mwenzako, bila kidole, pahali hasa panapouma kinywani mwako. Utasema jino la juu, upande wa nyuma. Lakini nyuma ni wapi? Kwa jino la mbele, nyuma ni upande unaoelekea ulimi. Kwa gego, nyuma yaweza kuwa upande wa ulimi au upande unaoelekea koo. Na neno juu je? Juu ya jino la chini ni pale linapotafunia; juu ya jino la taya la juu ni kwenye ufizi. Maneno yale yale yanabadilika maana kila ukihama kutoka jino hadi jino. Fundi mmoja akiwa peke yake chumbani hatatizwi na hilo, kwa maana macho yake yanaona. Mwalimu mwenye wanafunzi 100, au mwandishi wa kitabu kitakachosomwa nchi ya mbali, hawezi kusonga hata hatua moja.

Black alilishika tatizo hili kwa mikono miwili. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 kuhusu umbo la meno ya binadamu alieleza kila jino, kila uso wake, kila bonde na kila kilele chake. Mwaka 1893, matabibu wa meno walipokutana Chicago katika kongamano la kimataifa, aliwasilisha ripoti kuhusu istilahi za taaluma yao. Alitaka kila uso wa jino utajwe kwa kitu kisichobadilika: ule ulioelekea mstari wa katikati ya kinywa, ule ulioupa mstari huo kisogo, ule wa shavu, ule wa ulimi, na ule wa kutafunia. Kutokana na majina hayo machache aliunda majina ya kuta na pembe zote za tundu linalochimbwa, kama vile sisi tunavyounda maneno mengi kutokana na mzizi mmoja wa kitenzi.

Vilevile aliyagawa matundu ya meno katika makundi 5 kulingana na pahali yanapoanzia, kwa kuwa kila pahali huoza kwa namna yake na huhitaji tiba yake. Kundi la 6 liliongezwa na wengine baadaye. Mgawanyo huo ungali unafundishwa hadi leo, pamoja na Nairobi, ambako mafunzo ya udaktari wa meno katika chuo kikuu yalianza miaka ya 1970. Mwanafunzi wa Nairobi akiandika katika daftari lake kwamba tundu ni la kundi la 2, mwenzake wa Tokyo ataelewa bila kuliona jino lenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya jina lililopimwa.

Kisa cha mwisho cha maisha yake kinatugusa zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1901 tabibu kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya hudhurungi. Aliuliza, hakupata jibu. Alitafuta vitabuni, hakuona kitu. Akamwandikia Black. Mnamo 1909, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, mzee huyo alisafiri hadi Colorado ajionee mwenyewe. Ilibainika kwamba karibu watoto 9 kati ya kila 10 waliozaliwa mjini humo walikuwa na madoa hayo. Black aliyachunguza meno hayo kwa hadubini kwa miaka iliyomsalia. Akaonyesha kwamba kasoro iko ndani ya tabaka gumu la nje la jino, na kwamba hutokea jino likiwa bado linaundwa utotoni. Mtu mzima aliyehamia pale hakudhurika. Tena, ajabu ni kwamba meno hayo yenye madoa hayakuwa mepesi kuoza.

Alifariki tarehe 31 Agosti 1915 kabla ya kujua chanzo. McKay hakukata tamaa. Mwaka 1923 aliwashauri wazazi wa mji wa Oakley, Idaho, waache kutumia maji ya chemchemi fulani, na watoto waliozaliwa baadaye wakaota meno safi. Mwaka 1931 mwanakemia H. V. Churchill alimtambua mkosaji: madini ya floridi yaliyozidi katika maji. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba floridi kidogo hulinda jino, ilhali ikizidi hulitia madoa.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili katika Bonde la Ufa. Msichana mmoja alijibu maswali yangu kwa ufasaha wa kupendeza, lakini kila alipofungua kinywa alikifunika kwa kiganja. Baadaye mwalimu wake akaninong'oneza kwamba mtoto huyo ana akili, ila ni mvivu wa kupiga mswaki. Nami, kwa ujinga wangu, nilitikisa kichwa kukubali. Leo najua kwamba tulimdhulumu. Ardhi ya Bonde la Ufa imetokana na volkano, na visima vingi vya Nakuru, Naivasha na kwingineko, hata Arusha nchini Tanzania, vina floridi inayopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto yule aliyanywa madoa yake kabla hajajua kusoma. Hakuna mswaki uwezao kuyaondoa.

Dawa ipo, nayo ni kuyasafisha maji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyonasa floridi. Lakini kwanza lazima tujue kutofautisha doa na uchafu. Lugha yetu ina uwezo huo. Waswahili hawachanganyi pengo na mwanya, kwani pengo ni pahali pa jino lililong'oka na mwanya ni nafasi ya maumbile. Tena la kwanza huleta majonzi na la pili huhesabiwa urembo. Watu walioweza kutenga mambo hayo mawili kwa maneno mawili hawashindwi kumpa mtoto wa Nakuru neno lisilomtukana.

Si kwamba kila alichofundisha Black kimesimama. Alishauri tundu lipanuliwe kupita palipooza ili uozo usirudi; matabibu wa leo huhifadhi kila sehemu nzima ya jino. Amalgamu nayo inaachwa polepole, hasa tangu Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki. Hata kitivo alichokiongoza kilifungwa mwaka 2001. Yeye mwenyewe asingeshangaa, maana aliwahi kuwaambia wanafunzi wake kwamba itafika siku tabibu wa meno atazuia ugonjwa badala ya kuziba matundu. Aliyepima kila kitu alijua kwamba naye atapimwa.

Sanamu yake ingalipo katika bustani ya Lincoln Park, Chicago. Lakini ukumbusho ulio bora ni ule mwalimu anaoweza kuujenga darasani. Mwalimu, kabla hujamwita mtoto mchafu au mvivu, uliza maji ya kwao yanatoka wapi. Nawe mwanafunzi, ukikutana na kitu ambacho vitabu havijakitaja, usikipite. Kitazame, kipime, kisha ukipe jina ambalo mwenzako atalielewa.