Maisha ya Marehemu Gary Kildall

Katika chumba chetu cha kompyuta mna mashine moja yenye mifumo endeshi miwili. Anayeiwasha huchagua mmoja. Muhula uliopita darasa letu lilidhani limepoteza kazi ya juma zima. Kumbe iliandikwa katika mfumo mmoja, ikatafutwa katika mfumo wa pili, usioweza kusoma sehemu ile ya diski. Mwalimu aliipata, kisha akatenga sehemu nyingine kwa mpangilio unaosomwa na mifumo yote miwili. Ndipo nikapata hamu ya kujua habari za Gary Kildall, aliyepambana na taabu ya namna hiyo kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa.

Kildall alizaliwa tarehe 19 Mei, 1942, mjini Seattle, Marekani. Jamaa zake walikuwa na chuo cha kufundisha mabaharia elimu ya kuongoza vyombo, naye alikusudia kuwa mwalimu wa hesabu. Lakini katika Chuo Kikuu cha Washington alikutana na kompyuta, ikamvuta moyo, na mwaka 1972 akapata shahada ya udaktari. Alifundisha katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California.

Siku hizo kila kompyuta ndogo ilikuwa kama kisiwa. Programu ya mashine hii haikufaa mashine ile. Mwaka 1974 Kildall alitunga mfumo uitwao CP/M. Baadaye aliyakusanya mambo yahusuyo chombo chenyewe katika sehemu ndogo iitwayo BIOS. Basi aliyeunda kompyuta mpya alibadili sehemu hiyo tu, na mengine yakabaki vile vile. Yeye na mkewe, Dorothy, walianzisha kampuni, na mfumo ukaenea. Diski za inchi 8 zenye mpangilio mmoja ziliweza kusomwa katika mashine za makampuni mbalimbali. Lakini zilipokuja diski za inchi 5¼, kila kampuni ilizipanga kwa namna yake, na taabu ikarudi.

Mwaka 1980 wajumbe wa IBM walikwenda kwake kutaka mfumo, wasielewane. Watu walieneza habari kwamba siku hiyo alikuwa akijifurahisha na ndege yake. Mwenyewe alieleza kwamba alisafiri kwa kazi. IBM walichukua mfumo wa Microsoft, uliofanana na CP/M kwa mengi, hata majina ya faili yenye herufi 8, nukta, na herufi 3. Hata hivyo, uliziweka faili katika diski kwa mpangilio mwingine. CP/M ilipouzwa kwa kompyuta ya IBM, bei yake ilikuwa dola 240, na ya mwenzake dola 40. Wanunuzi wakafuata bei nafuu.

Kampuni yake iliuzwa kwa Novell mwaka 1991. Alifariki tarehe 11 Julai, 1994, mwenye umri wa miaka 52. Mwaka 2014 kibao cha ukumbusho kiliwekwa mjini Pacific Grove, mahali ilipokuwa kampuni yake.

Nilipoanza kusoma habari zake nilimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Sasa sioni hivyo. Biashara ilimponyoka, lakini njia aliyoionyesha ilifuatwa na wengi. Basi wenzangu, tunapohifadhi kazi yetu katika ile sehemu ya pamoja, tumkumbuke kwa heri.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne