BI RUFAIDA (R.A) NA HEMA LAKE MSIKITINI

 

Ukiwa mkaazi wa Kapseret, si mbali na wewe, hapo Eldoret mjini, Chuo Kikuu cha Moi kinafundisha madaktari na wauguzi. Wanafunzi wa udaktari walianza kupokewa mwaka wa 1990, na chuo kikaweka mpango wa masomo na huduma kwa jamii, maarufu kama COBES. Mwanafunzi hutoka darasani akaenda vituo vya afya vya mashinani. Huko anajionea maji ya watu yanatoka wapi, watoto wamechanjwa au la, na kwa nini mgonjwa anachelewa kufika hospitali.

Lakini tuseme ukweli. Kuna anayeenda kwa ajili ya maksi tu, na kuna mzazi anayeona kazi ya kuosha vidonda haimfai binti yake. Basi hebu tumtazame Bi Rufaida bint Saad (R.A).

Alikuwa mwanamke wa kabila la Aslam, aliyeishi Madina zama za Mtume (S.A.W). Wanaosimulia maisha yake husema babake alikuwa mganga, naye akajifunza kazi kwa kumsaidia. Hakungoja amalize kusoma ndipo ahudumie watu. Kuhudumia ndiko kulikomfundisha.

Mwaka wa 5 Hijriya (627 Miladiya) vikaja vita vya Khandaq. Saad bin Muadh (R.A), kiongozi wa Aws, akapigwa mshale uliokata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W) akaamuru apelekwe kwenye hema la Bi Rufaida, ndani ya msikiti, ili amzuru kwa karibu. Asubuhi na jioni akipita kumjulia hali. Fikiria ewe kijana! Pale pale watu wanaposwali, pana mama anafunga majeraha, na hakuna aliyeona kazi ile ni duni.

Je, Saad alipona? La. Jeraha lilifunguka tena, damu ikatoka, akafariki. Hapa tusipite mbio. Mgonjwa mkubwa aliyepewa amtunze alifariki, lakini heshima yake haikupungua. Wewe mwanafunzi unayelia chooni kwa sababu mgonjwa wako wa kwanza amefariki, jua kwamba shifaa ni ya Allah, na juhudi ndiyo yako.

Wala Bi Rufaida hakuwa wa wakubwa peke yao. Wanahistoria wameandika kwamba alijitolea kwa ajili ya Allah kuwatazama Waislamu wanyonge, wasio na wa kuwaangalia.

Basi mwanafunzi, ukitumwa kijijini, usiende kama mgeni wa kuhesabu siku. Salimia, vua viatu mlangoni, sikiliza kabla ya kuandika. Yule mama mwenye sukari anayefunga bila kuuliza daktari, huenda akakwambia wewe asichomwambia mtu mwingine.

Mzazi, binti akitaka uuguzi usimvunje moyo. Na sisi majirani, wakibisha hodi tuwafungulie na tuwajibu kwa ukweli, maana daktari wa kesho anajifunzia kwetu leo.

Allah atukubalie saumu zetu na awape shifaa wagonjwa wetu. Aamin.